Tarakimu 60 za bibi: TANESCO na safari ndefu ya kuelekea mfumo mmoja



Novemba 2024 nilikuwa Sola, wilayani Maswa, kumsalimia bibi. Mnajua mambo yalivyo, mjukuu akitoka mjini akafika kijijini anakabidhiwa kazi zote za simu. Safari hii kazi ilikuwa moja: kununua umeme na kuuingiza kwenye mita. Nikanunua wa shilingi elfu mbili. Ujumbe ulipoingia nikashangaa mwenyewe. Badala ya tarakimu 20 tulizozizoea, zilikuja makundi matatu ya 20. Jumla 60!

Bibi alikuwa amenishikia tochi. Akauliza, "Mjukuu wangu, umeme wa elfu mbili ndiyo namba zote hizi?"

Nikamwambia makundi mawili ya kwanza ni ya kuamsha mita, la tatu ndilo lenye umeme wenyewe. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniambia kitu kilichonikaa kichwani mpaka leo: "Basi na wao wamwandike vizuri babu yako. Amekufa tangu mwaka wa kumi na tisa, lakini umeme bado ananunua yeye."

Kweli bwana. Jina kwenye mita ni la marehemu babu. Yeye ndiye aliyejaza fomu na kulipa zile 27,000 nguzo za REA zilipofika, na sisi watoto na wajukuu hatukuwahi kwenda kubadilisha. Kwenye kompyuta babu yu hai na ni mteja mzuri, hana deni hata senti.

Hapo ndipo nilipoanza kuchimba. Hizi kompyuta za umeme zilianzaje? Nani anajua nini kuhusu mteja wa Sola? Na kwa nini mashirika ya umeme kote Afrika Mashariki yanahangaika kupata mfumo mmoja wa kila kitu? Kaeni vizuri, stori ni ndefu kidogo.

Tuanze na zile tarakimu. Mita za LUKU (Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo) zinafuata kanuni moja inayotumika nchi nyingi duniani. Kila namba ya umeme ina alama ya muda ndani yake, ili mtu asiitumie mara mbili. Muda huo unahesabiwa kwa dakika kuanzia mwaka 1993, na nafasi iliyotengwa inatosha dakika 16,777,216 tu. Ukipiga hesabu unapata karibu miaka 32, na mwisho wake ulikuwa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo ingekuwa haijaamshwa upya ingekataa namba mpya. Ndiyo maana mwaka ule TANESCO walizunguka nchi nzima na matangazo. Yaani uamuzi wa mafundi wa miaka ya 1990 ulikuja kumfikia bibi yangu Sola, na tochi mkononi!

Sasa turudi nyuma. Umeme wa kwanza nchini uliwashwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1908. Mwaka 1931 Waingereza wakaukabidhi kwa kampuni mbili binafsi: DARESCO kwa Dar es Salaam na maeneo yake, na TANESCO ya wakati huo kwa sehemu nyingine. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1960, serikali ilinunua hisa na kampuni hizo zikaishia kuwa shirika moja la umma, hili tunalolijua.

Kwa miongo mingi akili ya shirika ilikuwa kwenye makaratasi. Msoma mita anapita na daftari, anaandika, daftari linakwenda ofisini, bili inatengenezwa, bili inapelekwa. Mteja anatumia kwanza, analipa baadaye... au halipi kabisa. Na wadaiwa sugu wakubwa hawakuwa akina bibi. Mwaka 2002 serikali ilipoikabidhi menejimenti ya shirika kwa NETGroup Solutions ya Afrika Kusini, wageni hao waliingia makao makuu chini ya ulinzi wa polisi kwa sababu wafanyakazi waligoma kuwapokea. Moja ya mambo waliyosifika na kuchukiwa kwayo ni kukata umeme kwa wadaiwa, taasisi za serikali zikiwemo. Makusanyo yalipanda. Lakini uzalishaji na mitambo ilibaki na matatizo yake, ukame ukaja, mgao mkali wa 2006 ukatukuta, na mkataba wao ukaisha mwaka huo huo. Funzo langu hapo: kujua nani anadaiwa ni jambo kubwa, ila daftari halizalishi umeme.

LUKU, iliyoanza miaka ya 1990, ilikuwa jibu la namna nyingine kwa tatizo lile lile. Badala ya kumfukuza mteja na bili, mlipishe kwanza. Mwanzoni ilikuwa safari: unakwenda ofisini au kituo cha mafuta chenye mashine, unapanga foleni, unarudi na karatasi. Baadaye simu zikaleta mapinduzi. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, mitandao mingine ikafuata, na taratibu ununuzi wa umeme ukahamia mkononi. Kwa mtu wa Dar hilo lilikuwa raha tu. Kwa mtu wa Sola, ambaye ofisi za mkoa wake zilikuwa Shinyanga mpaka Simiyu ilipotangazwa kuwa mkoa mwaka 2012, ilikuwa ni nauli na siku nzima ya shamba vimeokolewa.

Mwaka 2017 serikali ikaleta mfumo wake wa malipo, GePG, ili fedha za umma zipite mlango mmoja. LUKU nayo ikaunganishwa humo. Kisha Agosti 2021 kodi ya majengo ikaanza kukatwa kupitia mita: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Angalieni jinsi kile kisanduku cha ukutani kilivyokua! Ukinunua umeme unalipa VAT, EWURA asilimia 1, REA asilimia 3, na kama nyumba yako imo kwenye kodi, na kodi. Na mita haijui kama anayebonyeza ni mwenye nyumba au mpangaji. Wapangaji wakajikuta wanalipa kodi ya nyumba isiyo yao, wakaambiwa wamalizane na wenye nyumba. Mfumo ulijua mita, haukujua watu.

Mlango mmoja una faida zake, ila ukijifunga, umejifunga kwa wote. Mei 2021, kwa siku kadhaa, ununuzi wa LUKU kwa simu ulikwama nchi nzima. Watu walijazana kwenye ofisi za TANESCO kutafuta namba, wengine walilala gizani na hela wanazo mfukoni. Waziri wa Nishati wakati huo, Dk. Medard Kalemani, aliagiza maofisa waliohusika na mifumo wasimamishwe. Zamani mashine ya kituo kimoja ikiharibika, unakwenda kituo cha pili. Safari hii hapakuwa na cha pili.

Sasa tufike kwenye kiini. Mifumo ile yote niliyoitaja ni vipande: mauzo, malipo, kodi. Ndani ya shirika kuna vipande vingine visivyoonekana: ghala la nguzo na mita, uhasibu, manunuzi, mishahara, magari, mafundi, dawati la dharura. Fikiria mtu wa Sola anaomba umeme. Fomu inajazwa. Mpimaji anakuja kuona umbali. Makadirio yanatoka, malipo yanafanyika, ghala linatoa nguzo, waya na mita, fundi anafunga, namba ya mita inasajiliwa, mteja anaanza kununua. Kama kila idara ina kompyuta yake, au daftari lake, habari ile ile inaandikwa upya mara sita. Jina linakosewa mahali, namba inarukwa mahali. Uhasibu unasema amelipa, ghala linasema hakuna maombi, fundi anasubiri, na mwombaji anaambiwa "njoo wiki ijayo".

Dawa ya ugonjwa huu ilibuniwa viwandani Ulaya na Marekani. Mwaka 1972 wahandisi watano walioacha kazi IBM Ujerumani walianzisha kampuni ya SAP kwa wazo rahisi: habari iandikwe mara moja, idara zote ziione hapo hapo. Ghala likitoa nguzo, uhasibu ujue bila kuletewa karatasi. Wazo hilo likaenea kwenye makampuni makubwa duniani, ya umeme yakiwemo.

TANESCO walilifikia kwa kishindo mwaka 2022, walipoingia mkataba na Tech Mahindra ya India kujenga mfumo wa kuendesha shirika zima, kwa kiasi kilichotajwa kuwa karibu dola milioni 30. Mjadala ukawaka! Wengine walisema shirika la ukubwa ule haliwezi kuendelea na vipande vipande. Wengine wakauliza kwa nini kazi isifanywe na vijana wetu, wakati tuna Mamlaka ya Serikali Mtandao na sheria yake ya mwaka 2019. Miye naona pande zote mbili zilikuwa na hoja. Lakini swali la bibi halikuulizwa na upande wowote: habari zitakazoingizwa humo ni za kweli?

Tazameni majirani. Kenya Power walikuwa na mfumo unganishi wa wateja kabla yetu. Mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018 wateja wakaanza kupokea bili za kutisha. Wakili Apollo Mboya akaenda mahakamani Januari 2018, na ikabainika kwamba kulikuwa na gharama za nyuma za mabilioni ya shilingi ambazo zilikuwa zinarudishwa kupitia bili. Kompyuta ilikuwa ya kisasa, lakini mteja hakuwa na njia ya kuiuliza imepataje hesabu ile.

Nimechunguza mambo haya kwa muda, na ninachokiona ni hiki. Mfumo mmoja unabeba kwa kasi kile ulicholishwa. Ukilishwa ukweli, mwombaji wa Sola atapata umeme bila kuzungushwa. Ukilishwa kosa, kosa hilo litaonekana idara zote kwa sura ile ile, na litaaminika zaidi kwa sababu limetoka kwenye kompyuta. Zamani karani wa ofisi ya wilaya aliweza kukwambia, "Aa, huyu mzee namfahamu, alishafariki." Ufahamu huo haukuwa kwenye fomu, ulikuwa kichwani mwake. Tunapompeleka mteja kwenye mfumo, lazima tuulize nani atabaki na kazi ya kuujulisha mfumo kwamba watu hufa, huhama, hurithi na hupangisha.

Na wa kwanza kulaumiwa ni mimi. Miaka mitano mita inasoma jina la marehemu na mjukuu mwandishi wa habari nipo nanunua umeme kwa simu, naona jina, napita. Nyumba ile ikipata shida kesho, bibi atathibitishaje kwamba ni mteja?

Basi usiku ule nilibonyeza kundi la kwanza, mita ikakubali. La pili, ikakubali. La tatu, uniti zikaingia. Bibi akazima tochi, akasema asante, halafu akaingia ndani na kurudi na bahasha ya kaki. Cheti cha kifo cha babu, na ile risiti ya 27,000, imekunjwa mara nne. Kumbe alikuwa ameviweka pamoja muda wote, anasubiri mtu wa kwenda naye ofisini.

Asubuhi yake tulikwenda. Wewe mdau, mita ya kwenu inasoma jina la nani?

Nawasilisha.