Majimbo: Hoja ya kuwalinda walio wachache

MAJIMBO ni mfumo wa utawala ambapo katiba hugawanya mamlaka baina ya serikali kuu na serikali za maeneo, hivi kwamba serikali kuu haiwezi kuyatwaa madaraka hayo kwa kauli yake pekee.

Nchini Kenya, hoja hii ilishika kasi kabla ya uhuru. Chama cha KADU, kilichoundwa mwaka wa 1960 chini ya Ronald Ngala, kilijumuisha jamii za Pwani, Bonde la Ufa na sehemu za Magharibi. Viongozi wake, wakiwemo Masinde Muliro na Daniel arap Moi, walihofia kuwa KANU, iliyokuwa na nguvu hasa miongoni mwa Wakikuyu na Waluo, ingetumia wingi wa kura kuamua peke yake masuala ya ardhi. Wengi wape, husema methali. KADU ilitaka kujua wapewe kiasi gani. KANU nayo ilijibu kwamba majimbo yangeligawa taifa changa kwa misingi ya kikabila.

Katiba ya 1963 iliunda majimbo saba, mbali na Nairobi, pamoja na Seneti. Vifungu vya kulinda majimbo havingebadilishwa bila asilimia 75 ya kura katika Bunge la Wawakilishi na asilimia 90 katika Seneti. Lakini KADU ilivunjwa Novemba 1964 na wabunge wake wakajiunga na KANU. Ngome ikabaki bila walinzi. Majimbo yakapokonywa madaraka, na Seneti ikaondolewa mwishoni mwa 1966.

Wito wa majimbo uliposikika tena Bonde la Ufa mwaka wa 1991, uliandamana na vitisho dhidi ya walioitwa wageni. Mapigano yakazuka na maelfu wakafurushwa makwao. Ikadhihirika kwamba kila jimbo lina wengi wake na wachache wake.

Katiba ya 2010 ilirejesha Seneti, ikaunda kaunti 47 na kutaja ulinzi wa walio wachache kuwa lengo mojawapo la ugatuzi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ilitambua hatari ya pili: yaagiza kuwa angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya kuingilia ziwaendee wasiotoka katika jamii kubwa ya kaunti husika. Kinga dhidi ya wengi wa taifa haitoshi pasipo kinga dhidi ya wengi wa kijijini.