Yoga katika ukanda wa Ziwa Viktoria

Yoga katika ukanda wa Ziwa Viktoria ni sehemu ya urithi wa Wahindu waliohamia kutoka Bara Hindi na kukaa katika miji ya ziwa hilo, kama vile Mwanza, Kisumu na Jinja. Yoga ni falsafa na malezi ya nafsi yanayolenga utulivu wa ndani. Mikao ya mwili, ambayo wengi hudhani ndiyo yoga yote, ni hatua moja tu kati ya nane.

== Jina ==
Neno "yoga" ni la Kisanskrit na linatokana na mzizi ''yuj'', yaani "kuunganisha" au "kufunga nira". Nira huwafanya maksai wawili walime mstari mmoja, kama inavyoonekana katika mashamba ya Usukuma. Vivyo hivyo yoga inakusudia mwili, pumzi na akili viende pamoja.

== Mafundisho ==
Kitabu cha msingi ni ''Yoga Sutra'', kinachohusishwa na Patanjali. Kinataja hatua nane:
# ''Yama'': kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kujizuia katika tamaa za mwili na kutolimbikiza mali
# ''Niyama'': usafi, kuridhika, kujinyima, kujisomea na kujikabidhi kwa Mungu
# ''Asana'': mkao imara
# ''Pranayama'': kuongoza pumzi
# ''Pratyahara'': kuzirudisha hisi ndani
# ''Dharana'': kukaza fikira mahali pamoja
# ''Dhyana'': taamuli
# ''Samadhi'': utulivu kamili

Mpangilio huo una maana. Maadili hutangulia mkao na taamuli, kwa kuwa anayedhulumu au kusema uongo hubaki na wasiwasi hata akikaa kimya. Kwa hiyo amani ya ndani huanzia katika namna ya kuishi na wenzake.

''Bhagavad Gita'' inaongeza yoga ya matendo: mtu atimize wajibu wake bila kuifanya faida au sifa kuwa lengo lake.

== Historia ==
Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli za mvuke zikaunganisha mji huo na bandari nyingine za ziwa, ikiwemo Mwanza. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza. Wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi walifungua maduka na kushiriki katika biashara ya pamba. Kati yao walikuwepo Waislamu, Wahindu na Masingasinga. Wahindu walijenga mahekalu, na Mwanza bado ina hekalu la Kihindu katikati ya jiji.

Mahatma Gandhi aliitafsiri ''Bhagavad Gita'' kwa Kigujarati na kuipa jina ''Anasakti Yoga'', yaani yoga ya kutong'ang'ania. Ilitolewa mwaka 1930. Baada ya kifo chake mwaka 1948, sehemu ya majivu yake ilimwagwa Jinja, mahali mto Naili unapotoka ziwani. Sanamu yake ilizinduliwa hapo mwaka 1997.

Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga. Mwaka 2016, katika mkutano uliofanyika Addis Ababa, UNESCO iliingiza yoga katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

== Yoga na dini nyingine ==
Wakazi wengi wa ukanda huu ni Wakristo au Waislamu, na baadhi yao hujiuliza kama yoga inapatana na imani yao. Mwaka 1989 Kanisa Katoliki lilitoa barua kuhusu taamuli ya Kikristo: halikukataa kila mbinu ya Mashariki, ila lilionya zisichukue nafasi ya sala. Kwa Waislamu, baraza la fatwa la Malaysia lilikataza yoga mwaka 2008, lakini maulamaa wa Indonesia mwaka 2009 waliruhusu mazoezi yasiyo na ibada wala maneno ya Kihindu. Karne nyingi kabla yao, mwanachuoni Mwislamu Al-Biruni alikuwa ameyaandika mafundisho ya Patanjali kwa Kiarabu.

== Afya ==
Yoga inaweza kupunguza msongo wa mawazo na maumivu ya mgongo, lakini haichukui nafasi ya matibabu. Wajawazito na wenye shinikizo la juu la damu au ugonjwa wa macho wa glakoma wamwone daktari kabla ya kuanza, na wasijaribu mikao ya kichwa chini.

== Tazama pia ==
* Uhindu
* Taamuli
* Mwanza (mji)