Sumaku, Waya na Sauti ya Marimba

Leo hatutasema habari za wafalme wala za vita. Tutasema habari za vitu viwili ambavyo bila shaka mmekwisha kuviona: kipande cha sumaku na waya mwembamba wa shaba. Vitu hivyo vimo ndani ya spika ya kila redio, hata hii mnayoisikiliza sasa.

Swali letu ni hili: chombo cha muziki chenye sauti ndogo kilipataje kusikika katikati ya kelele za mji?

Mnayajua marimba ya mkono, yale yenye vyuma vyembamba vilivyopangwa juu ya kibao, na mpigaji huvibonyeza kwa vidole gumba. Wagogo huyaita ilimba. Huko Kongo huitwa likembe. Usiku kijijini, watu wakiwa wameketi kimya, sauti yake yatosha kabisa. Lakini yapelekeni sokoni, penye magari na wachuuzi, na hata aliyekaa karibu hasikii kitu. Mwenye ngoma huweza kupiga kwa nguvu zaidi. Mwenye marimba atafanya nini? Akibonyeza kwa nguvu ataumia vidole tu.

Jibu la swali hili lilianza mbali, mjini London. Alikuwako kijana mmoja, jina lake Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, aliyezaliwa mwaka 1791. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Alipokuwa na miaka 14 alipelekwa kwa fundi wa kujalidi vitabu. Kazi yake ilikuwa kushona kurasa na kubandika majalada, lakini yeye alivisoma vitabu hivyo kabla ya kuvirudisha kwa wenyewe. Mwaka 1812 alipata nafasi ya kuhudhuria mafundisho ya mtaalamu mkubwa, Humphry Davy. Aliandika yote aliyoyasikia, akayajalidi kwa mikono yake mwenyewe, akampelekea Davy kitabu hicho. Mwaka uliofuata Davy alimwajiri kuwa msaidizi wake.

Mwaka 1831 Faraday alizungusha waya mara nyingi kama uzi katika kigurudumu cha cherehani. Waya uliozungushwa hivyo twauita koili. Alipoisukuma sumaku ndani ya koili, umeme kidogo ulipita katika waya. Alipoivuta nje, umeme ulipita tena, kwa kuelekea upande wa pili. Sumaku ikitulia, hakuna kitu. Shikeni jambo hili vizuri, maana somo lote la leo limesimama juu yake: umeme huja pale panapokuwa na mwendo.

Faraday hakuwa akifikiria magitaa. Miaka mia moja ikapita.

Sasa twende Los Angeles, Marekani. Huko alikuwako mwanamuziki George Beauchamp, mpigaji wa gitaa la Hawaii, lile linalolazwa mapajani. Katika miaka ya 1920 bendi zilikuwa na tarumbeta na ngoma nyingi, na gitaa lilimezwa humo. Beauchamp na wenzake walijaribu kwanza kutengeneza gitaa la bati lenye vikombe vya chuma ndani yake. Sauti iliongezeka, lakini haikumridhisha. Basi mtu huyu, aliyekuwa mtu mzima mwenye kazi yake, akaenda kusoma mambo ya umeme katika madarasa ya jioni. Naona ninyi mnaokuja darasani baada ya kutoka shambani au kiwandani mtamwelewa kuliko mtu mwingine yeyote.

Nyumbani kwake alichukua kile kichwa cha gramafoni kinachoshika sindano, akakifunga juu ya ubao pamoja na uzi wa gitaa, akasikiliza. Akajaribu tena na tena. Koili alizizungusha kwa mota iliyotolewa katika mashine ya nyumbani. Hatimaye, mwaka 1931, alipata chombo alichokitaka: sumaku mbili zenye umbo la kwato la farasi, na katikati yake koili, na nyuzi za chuma zikipita juu ya koili hiyo. Mwenzake, Harry Watson, alichonga gitaa la mbao lenye mwili mdogo wa mviringo na shingo ndefu. Watu walipoliona waliliita Kikaango, na kweli lafanana nacho.

Linafanyaje kazi? Uzi wa chuma ukitikisika, nguvu ya sumaku iliyouzunguka hutikisika pamoja nao. Kama uzi unakwenda na kurudi mara 440 katika sekunde moja, umeme ndani ya koili nao hugeuka mara 440. Umeme huo ni mdogo mno. Hupelekwa kwanza katika kikuza sauti, nao ukishakuzwa huingia katika spika. Spika nayo ina sumaku na koili, lakini hufanya kinyume: umeme hugeuzwa kuwa mwendo, na mwendo ndio sauti. Kwa ajili hiyo nyuzi za utumbo wa mnyama hazifai hapa. Lazima ziwe za chuma kinachovutwa na sumaku.

Magitaa hayo, sasa yakiwa ya alumini, yalianza kuuzwa mwaka 1932. Lakini hataza, yaani hati ya serikali ya kumlinda mvumbuzi, Beauchamp aliipata mwaka 1937 tu, wakati wengine wamekwisha kuanza kutengeneza magitaa ya namna hiyo.

Turudi Afrika. Katika miaka ya 1960 mji wa Léopoldville, ulioitwa Kinshasa tangu mwaka 1966, ulikuwa ukijaa watu waliotoka mashambani. Kati yao walikuwako Wazombo, ambao nchi yao iko mpakani mwa Kongo na Angola. Walikuwa na muziki wao wa zamani, uliopigwa kwa pembe za ndovu. Mpigaji likembe mmoja, Mingiedi Mawangu, aliuhamishia muziki huo katika likembe, akaanzisha kundi lililokuja kujulikana kwa jina la Konono N°1. Kelele za mitaa ya Kinshasa zingaliweza kuumaliza muziki huo katika kizazi kimoja. Kijana asiyesikia ngoma ya baba yake ataijuaje?

Mingiedi na wenzake walichukua sumaku kutoka vyuma vya magari yaliyoharibika, wakazitumia kuzipa likembe umeme. Maikrofoni walizichonga kwa mbao. Spika zao zilikuwa zile kubwa zenye mdomo kama tarumbeta, za namna iliyotumiwa wakati wa ukoloni. Likembe zilikuwa tatu: ya sauti nene, ya kati na ya juu. Vyombo vingine vya kugonga vilitoka katika masufuria na vipande vya magari.

Sauti iliyotoka ilikuwa kubwa, tena yenye kuvuma na kukwaruza. Fundi wa redio angesema mtambo umeharibika. Lakini kumbukeni kuwa tangu kale wapigaji marimba wa nchi nyingi za Afrika hufunga vipete vya bati katika vyuma vyake makusudi, ili yavume. Mimi naona kwamba mvumo ule wa spika haukuwa kasoro masikioni mwao. Wale waliostaajabu kwamba muziki mzuri umetoka katika takataka hawakutazama vizuri. Kuchagua sumaku na kuiweka mahali pake ni ufundi, iwe imenunuliwa dukani au imeokotwa jalalani.

Mwaka 2004 santuri yao, Congotronics, ilitolewa huko Ubelgiji, na kundi likapiga katika majukwaa ya Ulaya na Marekani. Mingiedi alifariki mwaka 2015.

Wanaotaka kujaribu, sikilizeni. Tafuteni waya wa shaba mwembamba kama unywele, uliopakwa vanishi. Uzungusheni juu ya sumaku ndogo mara elfu kadhaa, hesabuni, msikisie. Kwangueni vanishi katika ncha mbili za waya, mziunge katika tundu la maikrofoni la kikuza sauti cha betri. Nimesema cha betri: msitumie umeme wa ukutani, wala msifungue chombo kilichounganishwa nao, kwani huua. Kisha isogezeni sumaku chini ya chuma kimoja cha marimba, karibu sana lakini visigusane, mkibonyeze. Msiposikia kitu, tazameni kwanza zile ncha. Mara nyingi vanishi haikutoka yote.

Juma lijalo, saa hii hii, tutasoma habari za santuri na gramafoni. Kwaherini.