Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Minziro

Minziro ni msitu wa serikali ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), wilayani Missenyi, eneo lililokuwa sehemu ya Bukoba Vijijini, ukipakana na msitu wa Sango Bay wa Uganda. Unafaa kuhesabiwa miongoni mwa maeneo ya mapumziko ya kimlima, ingawa uko tambarare, kwenye mwinuko wa mita 1,150 hivi. Ushahidi ni miti yenyewe: mipodo, jamii iliyozoeleka milimani, hapa husimama kwenye kinamasi, mizizi ikizama majini Mto Kagera unapofurika. Humo pia wamo ndege wa misitu ya Kongo ambao kwingine Tanzania hawaonekani.

Yapo mapingamizi. Husemwa kuwa mtalii hufuata kilele, na Minziro hauna. Lakini watazamaji wa ndege hawafuati kilele (matope na mbu ni jambo jingine). Pingamizi zito ni la wanavijiji wanaohitaji kuni na nguzo. Hilo halijibiwi kwa doria peke yake: kazi ya kuongoza wageni ikiwaendea vijana wa vijiji jirani, mti uliosimama nao utawaingizia kipato.