Kisanduku kinachosema "Nina miaka 18"

Leo sina habari za simu mpya wala lugha mpya ya kuandikia programu. Nataka tuzungumze kuhusu kisanduku kidogo ambacho wengi wetu tumewahi kukitia tiki bila hata kusoma: "Nathibitisha kuwa nina umri wa miaka 18 au zaidi."

Niliwahi kuandika kimoja, kwa duka la mtandaoni linalouza vifaa vya kupiga kambi: mahema, tochi, visu vya kukunja. Kazi ya dakika nne hivi. Miezi mitatu baadaye mwenye duka akanipigia simu. Mama mmoja alikuwa amekuja juu. Mwalimu alimkuta mwanawe wa miaka 13 na kisu darasani, na risiti ilionyesha kimetoka kwetu. Hakuna aliyeumia, tumshukuru Mungu. Mwenye duka aliuliza jambo moja tu: "Tuna ushahidi gani kwamba tulimwuliza umri?"

Nikafungua hifadhidata. Kwenye safu ya umri palikuwa na tarakimu moja: 1. Maana yake "ndiyo". Na malipo yalitoka kwenye simu ya mamake.

Niliona haya. Nikaanza kusoma jinsi wengine walivyolishughulikia jambo hili, na nchi iliyonipa mengi ya kusoma ni Uingereza.

Waingereza na visu wametoka mbali. Mji wa Sheffield ulikuwa na sifa ya visu tangu karne ya 14, na chama cha mafundi wake kilianzishwa kwa sheria mwaka 1624. Kisu cha mfukoni kilikuwa kitu cha kawaida kabisa, cha kuchongea penseli, kumenyea tunda na kukatia kamba. Mtoto kupewa kisu na babu yake hakukumshangaza mtu.

Mambo yalianza kubadilika baada ya Vita Kuu ya Pili. Sheria ya mwaka 1953 ilikataza kutembea hadharani na silaha bila sababu halali. Mwaka 1959 wakapiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa visu vinavyofyatuka kwa kubonyeza kitufe. Kisha sheria ya mwaka 1988 ikakataza kubeba kitu chochote chenye makali hadharani bila sababu nzuri, isipokuwa kisu cha mfukoni cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62.

Mahakama nazo zikaongeza jambo: kisu kikifunguka kisha kikajifunga imara, hadi ubonyeze kitu ndipo kikunjike tena, hicho si kisu cha kukunja kwa maana ya sheria, hata kama ni kifupi. Wanaprogramu wenzangu, mnaona tunakoelekea? Sharti juu ya sharti.

Lakini hadi hapo sheria ilikuwa inamtazama aliyekibeba. Muuzaji aliingizwa na sheria ya mwaka 1996, iliyofanya kuwa kosa kumuuzia kisu mtu aliye chini ya miaka 16. Sheria nyingine ya mwaka 2006 ikapandisha umri huo hadi 18, ikaanza kutumika England na Wales Oktoba 2007. Kile kisu kidogo cha kukunja cha inchi 3 kiliachwa nje ya katazo la umri. Hata hivyo, maduka mengi ya mtandaoni yaliweka 18 kwa kila chenye makali. Kwa nini? Mimi naelewa vizuri sana. Kumwelezea seva urefu wa makali na aina ya bawaba ya kila bidhaa ni kazi. Kuandika sharti moja kwa visu vyote ni mstari mmoja. Kwa hiyo sera ya duka mara nyingi huwa kali kuliko sheria, kwa sababu tu ni rahisi kuiandika.

Sheria ilimpa muuzaji kinga moja: athibitishe kwamba alichukua tahadhari zote zinazofaa. Dukani hilo ni rahisi. Unamtazama mtu usoni, ukiwa na shaka unaomba kitambulisho. Mtandaoni huna uso wa kutazama. Ndipo mbinu zikazaliwa. Ya kwanza ni kisanduku, ambacho ni ahadi tupu. Ya pili ni kadi ya benki, lakini kule mtoto anaweza kuwa na kadi ya kutolea pesa zake mwenyewe. Kadi ya mkopo ndiyo inayohitaji miaka 18. Ya tatu ni kulinganisha jina na anwani na kumbukumbu kama daftari la wapiga kura.

Hii ya tatu inapendeza, lakini itazameni kwa jicho la mwanaprogramu. Inajibu swali "Je, yuko mtu mzima mwenye jina hili katika nyumba hii?" Haijibu swali "Je, ndiye aliyekaa mbele ya kompyuta?" Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa.

Mwaka 2016 kampuni kadhaa kubwa, zikiwemo Tesco na Amazon UK, zilikubaliana kwa hiari na serikali kuhusu kukagua umri. Hiari haikutosha. Sheria ya mwaka 2019, ambayo vifungu vyake vya mauzo ya mbali vilianza kutumika Aprili 2022, ikahamishia mzigo mlangoni: kifurushi kiandikwe kuwa kina makali, na kikabidhiwe mkononi mwa mtu aliyethibitishwa kuwa na miaka 18.

Miezi michache baadaye, Juni 2022, kijana wa miaka 16 aitwaye Ronan aliuawa kwa upanga mjini Wolverhampton na vijana wa rika lake waliomdhania kuwa mtu mwingine. Aliyenunua silaha alizinunua mtandaoni kwa kutumia utambulisho wa mamake.

Niliposoma hapo nilisimama. Mamake. Tarakimu yangu 1 ilikuwa na kisa hicho hicho ndani yake, ila wetu ulikuwa na bahati. Mwaka 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza hatua zilizopewa jina la "Sheria ya Ronan": picha ya kitambulisho wakati wa kununua, ukaguzi tena wakati wa kukabidhi, na adhabu ya hadi miaka 2 jela kwa anayemuuzia mtoto, badala ya miezi 6.

Somo langu ni hili: tangu 1996 sheria ilikuwa ikiuliza kuhusu mtu, na sisi waandishi wa programu tulikuwa tukijibu kuhusu data. Pengo kati ya hayo mawili ndimo mtoto hupita.

Basi nilifanya nini? Nilimrudia mwenye duka, sikumtoza hata senti. Sasa oda yenye kisu haikamiliki kwenye skrini. Inakamilika pale mwenye bodaboda anapokiona kitambulisho cha aliyeagiza, akalinganisha picha na uso ulio mbele yake. Hapa kwetu kitambulisho cha taifa hutolewa ukifika miaka 18, kwa hiyo kadi yenyewe ni nusu ya jibu. Hatuhifadhi nakala yake, tunaandika tu kwamba imeonekana, na nani kaiona. Wateja wengine wamelalamika kwamba tunawasumbua. Wawili wameghairi oda.

Kisanduku bado kipo. Nimekiacha kimakusudi, ila nimebadilisha maneno: "Tutakuomba kitambulisho mlangoni." Hiyo angalau ni kweli.

Na wewe unayeandika programu za maduka, kwenye safu yako ya umri kuna nini? Tutaonana wiki ijayo, Mungu akipenda.