Kilemba cha Matunda

Alipopanda jukwaani katika Cassino da Urca, mjini Rio de Janeiro, Julai 1940, Carmen Miranda, mzaliwa wa Ureno aliyelelewa Brazil, alikuwa amekwisha kujipatia sifa kubwa huko New York, akataraji shangwe. Lakini mabwana na mabibi waliohudhuria usiku ule walimpokea kwa ubaridi, kwani waliona kuwa yule waliyemhesabu mjumbe wao amerejea akiwa kichekesho cha Wamarekani. Kilemba chake cha matunda asili yake ni mavazi ya wanawake weusi wachuuzi wa Bahia, nchini Brazil, jambo ambalo watazamaji wa New York hawakulijua, wakadhani ndiyo desturi ya kila mwanamke kutoka Mexico hata Argentina. Na insafu yataka tukiri kwamba miongoni mwa matajiri wa Rio walikuwamo walioona haya, si kwa kuchekwa, bali kwa nchi yao kujulikana kwa ngoma na nguo za watu weusi.

Miranda alifariki Agosti 1955, saa chache baada ya kurekodi mchezo wa televisheni wa mchekeshaji Jimmy Durante, na televisheni ikairithi sura aliyoigiza katika filamu za Hollywood: mwanamke mrembo, mwepesi wa hasira, mwenye lafudhi nzito. Ndiyo tuliyoiona tena kwa Gloria wa *Modern Family*, mchezo ulioonyeshwa tangu 2009 hadi 2020, akiigizwa na Sofía Vergara wa Barranquilla, Colombia. Wako Walatino waliomwona Gloria kuwa ni fedheha, na wako waliomtambua kuwa mama au shangazi yao hasa. Mwaka 2012, katika kulalamika kwamba Wakolombia husingiziwa uuaji, Gloria aliwatupia Waperu tuhuma ile ile, na Waperu wakaghadhibika, nao walikuwa na haki.

Lakini lafudhi na madaha peke yake si dhambi. Katika *One Day at a Time*, mchezo wa 2017 juu ya familia ya Kikuba mjini Los Angeles, Rita Moreno, mzaliwa wa Puerto Rico, aliigiza bibi mwenye majivuno, mcheza dansi, mwenye lafudhi nzito vilevile. Ila bibi huyo alipewa historia yake, machungu ya kuihama Kuba, imani yake na hoja zake, hata mtazamaji akamcheka kwa mapenzi huku akimheshimu. Heshima hiyo Gloria aliipata kwa nadra, na Miranda, kwa kadiri ya filamu alizopewa Hollywood, hakuipata kabisa.