Sauti za Wazee, Sehemu ya 4: Mzee wa Gitaa la Chuma

Niko zamu ya usiku, wodi imetulia, basi nimalizie ile stori niliyowaahidi: lile gitaa linalolia ndani ya nyimbo za kantri ambazo wazee wetu wanapenda kusikiliza redioni.

Si unajua ile sauti inayopanda na kushuka polepole kama mtu anambembeleza mtoto? Hilo ni gitaa la chuma. Halipakatwi kifuani kama magitaa mengine. Linalazwa, kisha mpigaji anatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Lilitoka visiwa vya Hawaii, mwisho mwisho wa miaka ya 1880, na anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake ni Joseph Kekuku, wakati huo kijana wa shule tu. Mwaka 1904 alivuka bahari akaenda kulipiga Marekani bara.

Baadaye likaongezwa pedali. Bud Isaacs alipozikanyaga kwenye "Slowly" ya Webb Pierce, wimbo uliotamba mwaka 1954, watu walisikia uzi ukibadilisha sauti huku bado unalia. Wapigaji wengine wakataka hivyo hivyo. Tangu hapo kazi ikawa ya mwili mzima: mkono wa kushoto unatelezesha chuma, wa kulia unadonoa nyuzi, miguu iko kwenye pedali, na magoti yanasukuma vyuma vya pembeni. Mama aliyewahi kusonga ugali na mtoto mgongoni huku anamkumbusha mwingine kazi ya shule, huyo ananielewa vizuri.

Sasa kazi kama hiyo huimalizi kwa kusoma kitabu. Inakaa mwilini mwa mtu. Mtu akienda, inaenda naye.

Marty Stuart alilijua hilo. Alizaliwa Mississippi mwaka 1958, na akiwa na miaka 13 tayari alikuwa anapiga mandolini kwenye bendi ya Lester Flatt. Utoto wake ulipita katikati ya wazee. Alipokuwa mtu mzima, kantri ya redioni ilikuwa imegeuka na gitaa la chuma limesukumwa nyuma. Akaamua kutengeneza albamu ya kizamani, "Ghost Train", ndani ya Studio B kule Nashville, iliyojengwa mwaka 1957. Ndiyo, chumba kile kile ambamo Jim Reeves na Dolly Parton walirekodi!

Na akamwita Ralph Mooney. Mzee huyu alikuwa amepita miaka 80, na alikuwa amempigia Waylon Jennings kwa takriban miaka 20. Kwenye albamu ile kuna "Crazy Arms", wimbo ambao Mooney alishiriki kuutunga na ambao Ray Price aliuvumisha mwaka 1956. Safari hii hakuna anayeimba. Gitaa la mzee ndilo linasema yote.

Albamu ilitoka Agosti 2010. Machi 2011, Mooney akafariki, miaka 82. Hesabu mwenyewe: miezi saba.

Hapo ndipo huwa nanyamaza. Sisi manesi tunapima presha, tunapima sukari, tunaandika kila kitu kwenye faili, lakini hakuna mahali pa kuandika mzee huyu anajua wimbo gani. Bibi yangu alimwimbia mtoto wangu wa kwanza wimbo wa kulaza watoto wa kwao. Nikawa nasema, Krismasi nitamrekodi. Simu ilikuwa mkononi jamani! Alituacha Novemba. Leo nikimwimbia huyu wa pili, nafika katikati nakwama, namalizia kwa mmm-mmm.

Kwa hiyo usingoje sikukuu. Bibi akimwogesha mjukuu, muombe ruhusa, weka simu kwenye kigoda, mwache aimbe anavyoimba. Kisha muulize wimbo unaitwaje na nani alimfundisha. Maji yakisikika yakimwagika, sawa tu. Mtoto akilia, hata vizuri zaidi.

Sehemu ya 5 ni Alhamisi. Wakati huo niambieni hapa chini: wewe uliimbiwa nini, na bado unaukumbuka mpaka mwisho?